Rangi ya Kucha kwenye Kompyuta Kumi na Nane

Nikiingia duka la kompyuta siku hizi, jambo la kwanza ninalofanya ni kuichukua ile inayong'aa zaidi na kuigeuza tumbo juu. Natafuta skrubu. Kuna muuzaji mmoja pale Kinoru, Meru mjini, ambaye akiniona mlangoni huwaambia wenzake, "Madam wa skrubu amefika," nao hucheka. Wacheke tu. Siku iliyohitaji kelele zangu za skrubu nilinyamaza, na kuna msichana mmoja huko juu Kibirichia aliyelipia kimya hicho kwa somo alilolipenda kuliko yote. Nitafika kwake. Kwanza nina watu wengine wa kukasirikia.

Mimi si mtu wa Kibirichia. Nilizaliwa Siakago, kwenye joto na vumbi na ndengu, na mama yangu ni fundi wa nguo sokoni. Cherehani yake inanizidi umri. Mkanda umebadilishwa mara nisizojua, gurudumu lilitolewa kwenye cherehani nyingine iliyokufa, na kanyagio lilivunjika likachomelewa na fundi wa baiskeli. Bado inashona sare za shule mpaka leo. Kila kitu kilichotaka kuingia nyumbani kwetu, iwe redio, taa ya sola au jiko, mama alimuuliza muuzaji swali moja tu kwa Kimbeere chake kifupi: "Inafunguka?" Alitaka kujua kama kikiharibika kuna mtu pale Siakago atakayeweza kukifungua akakitengeneza. Jibu likiwa hapana, alizirudisha pesa kwenye fundo la leso na kuondoka, hata kitu kiwe kizuri namna gani.

Nilipoenda chuo, alinipeleka Embu mjini kununua kompyuta. Mimi nilikuwa nimekwisha kuipenda laptop moja nyembamba ya rangi ya waridi. Mama aliigeuza, akaipapasa tumbo, akauliza swali lake, na muuzaji akacheka akasema hizi za kisasa hazifunguliwi, mama, hizi ni za kutumia tu. Mama akaenda pembeni kwenye maboksi meusi ya kompyuta za mezani yaliyotoka maofisini, mazito, yenye mikwaruzo, akachagua moja ambalo bei yake, pamoja na skrini, ilizidi ya ile ya waridi. Nilinuna kutoka Embu hadi Siakago. Niliona aibu kubeba kitu kama kile mbele ya wenzangu. Boksi hilo nimelibadilishia feni, diski, kumbukumbu na pawa saplai, kila kimoja kwa mwaka wake, na bado linawaka. Kwa hiyo nisijifanye kwamba sikufundishwa.

Shule iliyoniajiri kufundisha Kompyuta huko Kibirichia ni ya kutwa, na imejengwa kwa viazi. Sisemi kwa mafumbo. Kila darasa lilitokana na magunia ambayo watu waliyaleta siku ya harambee, yakapakiwa kwenye lori, yakauzwa, pesa zikawa matofali na mabati. Mimi sikuwa mwalimu wa serikali. Bodi ya shule ndiyo iliyonilipa, na mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Nilikuta wanafunzi kumi na mmoja wa kidato cha tatu waliochagua somo langu, na mashine mbili, moja ikiwa ni ya kuazima kutoka kwa karani. Ndipo Bodi ikaamua kufanya harambee ya kompyuta.

Watu walitoa. Hilo siwezi kuwanyima. Vikundi kumi na nane vilijitokeza: vya akina mama, vya kanisa, vya wakulima, hata cha wachimbaji wa mitaro ya maji. Mwaka ule viazi vilikuwa na bei, na magunia yalipangwa kwenye uwanja wa shule mpaka goli likazibwa. Nilisimama pale kwenye baridi, nikiwa nimevaa koti langu la Embu lisilofaa kitu huko juu, nikalia machozi ya furaha. Hapo nilikuwa bado sijaitwa kwenye mkutano wa kuamua zinunuliwe zipi.

Mwenyekiti wa Bodi ni mkulima wa viazi, na si mkulima wa mchezo. Anapanda mbegu safi tu, zile zilizokaguliwa, ambazo gunia lake moja humgharimu bei ya magunia kadhaa ya viazi vya kula. Nimemsikia mwenyewe kanisani, wakati wa matangazo, akiwagombeza majirani wanaopanda masalio ya stoo. "Mbegu ya bei rahisi inakuja na mnyauko," alisema, "na mnyauko ukiingia kwa shamba hautoki, utawaachia watoto wenu shamba gonjwa." Watu waliitikia kama mahubiri. Nilifikiri, huyu ndiye mtu wangu. Huyu nitamweleza mambo ya kompyuta kwa sentensi mbili na ataelewa.

Nilisimama mkutanoni nikaeleza. Nilisema pesa zile zingetosha laptop kumi na nane mpya za bei ya chini, au tisa zilizotoka maofisini, za chuma, zilizotumika kidogo, ambazo diski yake hutoka, betri yake hutoka, na kila kipuri chake kinapatikana Meru mjini. Nilisema zile kumi na nane hazitamaliza miaka miwili. Nilisema hizi tisa zitawafundisha watoto wao na wadogo wa watoto hao. Nilitaja hata mbegu, nikimtazama mwenyekiti usoni.

Kisha akasimama mwenyekiti wa kikundi kimoja cha akina mama, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyozoea kuanzisha nyimbo kanisani. Nilimjua kwa sababu binti yake alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja, na alikuwa bora kuliko wote.

"Madam, nielewe vizuri," alisema. "Sisi ni vikundi kumi na nane. Machine ni tisa. Kwa hivyo kikundi yetu iko na nusu ya computer?"

"Mtashirikiana, mama."

"Sawa. Na sisi tunachukua upande gani? Wa kioo ama wa kuandika?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Hata mwalimu mkuu alicheka akajifanya anakohoa. Mwanaume mmoja alipaza sauti kutoka nyuma kwamba mbuzi hugawanywa lakini hajawahi kuona kompyuta ikichinjwa, na kicheko kikaanza upya. Nilijaribu kusema kwamba wanatumia pamoja mashine ya kukata nyasi, wanatumia pamoja pampu ya dawa, hakuna anayedai nusu ya pampu. Hakuna aliyenisikia. Kisha mwenyekiti wa Bodi, mtu wa mbegu safi, alisimama akamaliza mambo.

"Na hii mambo ya kutumika," alisema, "mimi siwezi kusimama mbele ya watoto nikiwa na computer ya mtumba. Tutaonekana aje? Watoto wetu wapewe kitu mpya."

Walipiga makofi. Niliangaza macho ukumbini. Hakukuwa na sweta hata moja pale ambalo halikuwa la mtumba, na kila mtu aliyelivaa angekuambia kwa fahari kwamba sweta la mtumba humaliza miaka kumi na jipya la dukani hufumuka kwa kufuliwa mara tatu. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa na koti zito la mtumba lililomfika magotini. Nilitaka kumshika ule ukosi nimuulize. Mtu anayejua kitu sokoni, anakijua shambani, anakijua mwilini mwake, na akiingia mkutanoni anakiacha mlangoni pamoja na mwavuli! Nilikuwa na hasira mpaka masikio yakaniwasha. Nilikaa chini, nikaandika kwenye daftari langu neno "kumi na nane" na kulipigia mstari mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka.

Zililetwa na gari la duka la Meru mjini ambalo silitaji, siku ya Ijumaa, asubuhi yenye ukungu. Watu wa vikundi walikuwa wamejaa nje wakiimba. Mimi niliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, kwa sababu karatasi ya kupokea ilihitaji sahihi ya mwalimu wa somo. Iliandikwa kwamba nimezikagua mashine kumi na nane na zinafaa kwa matumizi ya shule. Nilifungua boksi moja, nikaitoa laptop, nikaigeuza. Tumbo lake lilikuwa laini kama sahani. Hakukuwa na skrubu hata moja. Nilimuuliza yule aliyezileta kama ana bisibisi.

"Ya nini, Madam? Hii haifunguliwi. Ikikusumbua unanunua ingine."

Niliiwasha. Ilichukua muda, ikawaka, na nikaangalia nafasi ya kuhifadhi kazi. Ilikuwa ndogo kuliko ya simu yangu, na zaidi ya nusu ilikuwa imeshaliwa kabla mtoto yeyote hajaandika jina lake. Najua nilichokiona. Nilimtazama mwalimu mkuu, naye akanitazama kwa upole, kwa sababu si mtu mkali.

"Madam, sign," alisema. "Watu wako nje kwa baridi, pastor anangoja kuomba. Na Jumatatu napeleka mikataba yenu kwa Bodi."

Hakunitisha. Alinikumbusha tu, kama mtu anavyokukumbusha kwamba mvua imekaribia. Nilichukua kalamu nikatia sahihi. Niliandika na jina langu kamili chini yake kwa mwandiko mzuri wa mwalimu. Ningefanya nini? Nilijiuliza hivyo nikitoka mlangoni, na jibu nililojipa ni kwamba hakuna ambacho mtu wa mkataba wa mwaka mmoja angefanya. Kisha wakaja waweka hazina wa vikundi, mmoja mmoja, kila mmoja akidai kopi ya ile karatasi. Kopi kumi na nane! Mashine ya kopi ya karani ikapata moto. Niliona ni upuzi wa vikundi, nikawapa kwa kununa.

Nje, kila kikundi kilipewa mashine yake mkononi. Lazima nieleze jambo moja hapa, kwa sababu hata kwetu Siakago liko. Hakuna mwanamke anayepeleka sufuria harusini au matangani bila kuitia alama. Vyombo vya watu thelathini vikikutana jikoni kwa siku mbili, bila alama utarudi na sufuria ya jirani iliyotoboka. Alama hutiwa kwa rangi ya kucha, kwa sababu haiondoki kwa sabuni wala kwa moto. Basi wale akina mama walitoa chupa zao za rangi mfukoni, wakazifunga zile laptop, wakaandika kwenye kava majina ya vikundi vyao. Nyekundu, zambarau, dhahabu. Wanaume waliazima chupa wakaandika ya kwao. Kile kikundi cha mama wa nusu kompyuta kiliandika kwa nyekundu, herufi kubwa zilizonyooka, na mama yule alipuliza rangi ikauke huku binti yake akimshikia mashine kama anavyoshikwa mtoto akichanjwa. Pasta akaomba. Nikasema amina.

Mwaka wa kwanza zilijikokota. Mwanafunzi akibonyeza herufi, ungeweza kumenya kiazi kabla haijatokea kwenye kioo. Kisha nafasi ikajaa yenyewe, kwa zile programu zinazojipakua bila kuombwa, na mashine ikawa inakataa kuhifadhi kazi. Bawaba zikalegea. Tundu la chaja likacheza mpaka tukawa tunaweka kipande cha raba chini ya waya ili umeme ufike. Betri ya mashine ya wachimba mitaro ilifura kama andazi, ikainua vibonye vyote, na nikaibeba mpaka nyuma ya choo kwa hofu isije ikalipuka darasani. Nilizipeleka dukani Meru nne kwa pamoja. Waranti ilikuwa imeisha mwezi uliotangulia. Yule muuzaji aliniuliza kwa adabu kubwa kama ningependa kuona za mwaka huu, zimeboreshwa.

Sikumtukana. Ninajuta kwa hilo pia.

Watoto wangu walipoingia kidato cha nne, mashine zilizokuwa bado zinawaka zilikuwa saba. Sasa, Kompyuta si somo la karatasi tu. Kila mtahiniwa hufanya mradi wake, programu anayoitengeneza mwenyewe kwa miezi, na mradi huo huhesabiwa kwenye mtihani. Usipokuwa na mradi, hata uwe na akili za namna gani, umeanguka nusu ya njia. Kumi na mmoja wakachagua miradi yao: duka la dawa za mifugo, maktaba, karo ya shule. Binti wa yule mama alichagua stoo ya mbegu za viazi. Programu yake ilikuwa inaandika mbegu ya kila mkulima ilitoka kwa gunia gani, na gunia lilitoka wapi, ili mnyauko ukitokea kwenye shamba moja, watu wajue haraka ni nani wengine waliopanda kutoka gunia lile. Sikumfundisha hilo. Alilitoa kwao nyumbani. Nimefundisha miaka mingi sasa na sijaona mradi wa mwanafunzi uliofikiriwa namna ile.

Alifanyia kazi kwenye mashine ya mama yake, ile ya nyekundu. Ilikuwa nzima kuliko nyingine kwa sababu aliitunza. Aliifuta kwa kitambaa kila jioni kabla ya kwenda nyumbani. Mimi nilikuwa na flashi moja ambamo nilihifadhi nakala za kazi zao wote kila mwisho wa mwezi. Ilipasa iwe kila Ijumaa, najua, lakini mashine zile zilimaliza kipindi kizima kunakili faili moja. Na mwezi ule, siku mbili kabla ya nakala, ile ya nyekundu ilizima alipokuwa akiandika. Haikutoa sauti. Alibonyeza kitufe cha kuwashia mara nyingi, kisha akaniita kwa sauti ya chini, "Madam," na niliposogea akaondoa mikono kwenye vibonye ili nijaribu mwenyewe.

Niliipeleka asubuhi iliyofuata mpaka Kinoru, kwa fundi mmoja mzee wa kazi hii ninayemwamini. Aliikata kava pembeni kwa kisu, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine, akachungulia ndani.

"Diski iko wapi?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Hakuna diski, Madam. Wamechomelea memory kwa bodi ya ndani. Bodi imeungua, na kila kitu imeenda na yeye." Alinionyesha nyingine iliyokuwa mezani kwake, nzee, nzito, ya ofisi, aliyokuwa ameifungua kwa skrubu nne. "Ingekuwa kama hii, natoa diski, naweka kwa ingine, mtoto anaendelea na kazi yake leo leo. Dakika tano."

Dakika tano. Nilirudi Kibirichia na mashine iliyokatwa tumbo kwenye mfuko wa plastiki, nikiwa na hasira. Niliwahesabu wote: mwenyekiti wa mbegu safi, mama wa nusu kompyuta, mwanaume wa mbuzi, mwalimu mkuu na upole wake, muuzaji na za mwaka huu. Nilidhani sijamsahau hata mmoja. Nilikuwa nimemsahau mmoja.

Siku tisa zilikuwa zimebaki za kuwasilisha miradi, na mashine zilizokuwa zikiwaka zilikuwa tatu. Nilienda chumba changu cha kupanga, nikalipakia lile boksi langu la Embu kwenye wilbaro pamoja na skrini yake, nikalisukuma mpaka shuleni kwenye tope. Watoto walilicheka. Kisha waliliwasha, wakasogeza viti. Tulipangana kwa zamu kuanzia kengele ya kwanza mpaka jua liliposhuka, na mashine ile ambayo nilinuna kwa ajili yake haikuzima hata mara moja. Kumi walimaliza. Yeye alianza upya kutoka kwenye nakala ya mwezi uliopita, akajaribu kujaza wiki nne kwa zamu zake za siku tisa. Sehemu ya kuyafuata magunia, ile iliyokuwa moyo wa kazi yake yote, haikurudi. Aliwasilisha nusu.

Matokeo yalipokuja, alama ya somo hilo haikumfikisha kwenye kozi ya kompyuta aliyoitaka. Hakunilaumu. Alikuja shuleni kuchukua karatasi zake, akanishukuru, na akasema atamsaidia mama yake kidogo kwanza. Kidogo hicho hakijaisha.

Muda mfupi baadaye Bodi ililifuta somo. Mimi nilipewa Hesabu, kwa hiyo mkataba wangu ulitiwa sahihi kama kawaida, jambo ambalo nalitaja kwa sababu ningependa kulificha. Na kwa kuwa chumba kilihitajika, vikundi viliambiwa vije vichukue mali yao. Walikuja asubuhi moja ya likizo, kama watu wanaorudi kuchukua sufuria siku ya pili ya harusi. Hata zile tatu za mwisho zilikuwa zimezima: niliwapanga mezani maiti kumi na saba, na ile iliyokatwa tumbo ikawa ya kumi na nane, kila moja na rangi yake ya kucha iking'aa kama siku ya kwanza. Walitafuta majina, wakachukua, wakashukuru! Nasikia nyingine sasa zimewekwa kwenye makabati sebuleni, juu ya vitambaa vya kushona, karibu na picha za harusi.

Sikuweza kuvumilia. Nilimfuata mwenyekiti wa Bodi mpaka kwenye lango.

"Mzee, wewe mwenyewe hununui mbegu rahisi," nilimwambia. "Unawagombeza watu kanisani! Ilikuwaje ukanunua hizi?"

Alinitazama bila kukasirika, mashine ya kikundi chake ikiwa kwapani.

"Hiyo ni waru, Madam," alisema, akiviita viazi kwa jina la kwao. "Waru mimi naijua."

Niliporudi ndani nilimkuta yule mama mrefu peke yake. Mashine ya kikundi chake ilikuwa bado mezani, kava limeshikizwa kwa utepe wa fundi. Alikuwa hajaigusa. Alitoa karatasi kutoka ndani ya Biblia yake, iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya meza.

"Madam, hii ni mkono wako?"

Ilikuwa ile kopi. Mwandiko wangu mzuri ulikuwa pale chini.

"Ni wangu."

"Soma."

Nilisoma kwa sauti, kwamba nimezikagua mashine kumi na nane na zinafaa.

"Mimi nikinunua mbegu, ndani ya waru sioni," alisema. "Hakuna mtu anaona. Ugonjwa iko ndani. Naangalia ile karatasi ya inspekta imeshonwa kwa gunia. Kama iko, nalipa, napanda. Kama haiko, naenda nyumbani. Hizi machine sikuziangalia, Madam. Ningeangalia nini? Niliangalia hii."

Hasira yangu yote ilitafuta mahali pa kusimama. "Mlinicheka, mama," nilisema. "Niliwaambia tisa. Wewe ndiye ulikataa. Wewe ndiye uliuliza upande wa kioo ama wa kuandika."

"Ee, nilikataa. Nilikuwa mjinga, na mtoto wangu amelipa." Hakupandisha sauti. "Lakini mimi nilikataa kitu sijui. Wewe ulikubali kitu unajua."

Alikunja karatasi yake, akairudisha kwenye Biblia. Nilidhani sasa atachukua mashine aende. Badala yake aliishika kwa mikono miwili, akaivukisha chumba, akaiweka kwenye meza yangu ya kazi, na kuigeuza ili jina la kikundi liangalie juu.

"Hii haiendi kwetu," alisema. "Itakaa hapa."

Bado iko juu ya meza hiyo, ambayo nilihamia nayo chumba cha walimu. Nimejaribu kumkasirikia na sijaweza, na mwenyekiti na mwalimu mkuu pia wamenitoka moyoni, wote mmoja baada ya mwingine, mpaka nimebaki na yule niliyemsahau kwenye hesabu. Siku hizi shule ikileta kitu cha kutiwa sahihi, iwe jiko la maabara au pampu ya maji, nauliza kwanza kama kinafunguka, na nisiporidhika sitii. Wamenizoea. Wengine wananiona mkorofi.

Binti yule huleta viazi vya jikoni shuleni kila wiki, akiwa na mama yake au peke yake. Akipita nje ya dirisha la chumba cha walimu hunisalimia kwa heshima ileile, "Muga, Madam," nami huitikia. Kufikia hapo mkono wangu unakuwa umeshavuta rejista ya darasa na kuiweka juu ya ile rangi nyekundu, asiione.